Kisutu, Joho na Sare: Vazi la Harusi Katika Historia ya Mwambao

Shaaban iliyopita tulimwoza binti wa kaka yangu hapa Unguja. Kama ilivyo ada ya siku hizi, akina mama walikaa wakachagua sare: kitambaa cha rangi moja, duka moja la kukinunulia, na mshono mmoja. Siku ya shughuli ukumbi uling'ara kama bustani iliyopandwa ua la aina moja. Lakini bibi mmoja jirani yetu, aliyekuwa kungwi wa mama yake bi harusi, na aliyemwogesha bi harusi mwenyewe alipokuwa kichanga, hakuonekana. Alimtuma mjukuu wake alete zawadi iliyofungwa kwenye karatasi ya gazeti. Ndani yake mlikuwa na doti ya kisutu, imekunjwa vizuri, ingali na harufu ya udi.

Kesho yake nilikwenda kumjulia hali nikidhani anaumwa. Nilimshika mkono, nikamuuliza kulikoni. Akanijibu, "Mzima, mwanangu. Sare tu ndiyo sikuwa nayo."

Jibu hilo halijanitoka. Sisi tunaopenda lugha tunajua kwamba neno "sare" lina maana mbili zinazokaa nyumba moja. Sare ni mavazi yanayofanana. Na sare ni hali ya kutozidiana, kama timu mbili zinapomaliza mchezo bila mshindi. Maana zote mbili zinaelekea kwenye usawa. Basi imekuwaje neno la usawa likamzuia nyumbani mzee ambaye kwa haki yake angeketi mbele? Ili nijijibu nimerudi nyuma, nikaitazama historia ya vazi la heshima katika mwambao wetu. Ninayoandika hapa ndiyo niliyoyaona njiani.

Jambo la kwanza ni kwamba hapa kwetu vazi la hadhara halikupata kuwa suala la kusitiri mwili peke yake. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliletewa mavazi kabla ya kwenda kuswali Ijumaa pamoja na mtawala wa mji. Anayataja moja moja: shuka ya hariri ya kujifunga kiunoni, kanzu ya kitani ya Misri, joho lenye bitana, na kilemba cha Misri kilichotiwa nakshi. Mgeni hakuachwa aingie kwenye shughuli ya heshima na nguo za safari, wala hakuaibishwa kwa kutokuwa nazo. Wenyeji walijua vazi lipasalo siku ile, na wao ndio waliolitoa. Hilo nimelitia akilini, nami nitalirudia.

Jambo la pili limehifadhiwa na lugha yenyewe. Tazama majina ya ada za posa na ndoa. Baba wa binti, au mjomba wake, hupewa kilemba. Mama hupewa mkaja, na mkaja kwa asili ni nguo ya kujifunga tumbo baada ya kujifungua. Ipo pia mbeleko, ambayo ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Leo ada hizi hulipwa kwa fedha, na vijana wengi huzitaja wasijue kwamba wanataja nguo. Lakini maneno hayajasahau. Yanasema kwamba mume, anapokuja kuoa, anazilipia nguo zilizomlea mkewe: ile iliyokaza tumbo la mama, ile iliyombeba mtoto, na ile iliyokaa juu ya kichwa cha mlezi. Kabla hatujauliza nani avae nini harusini, lugha imekwisha tukumbusha nguo za nani tunazidaiwa.

Hata hivyo, tusiipambe historia kuliko inavyostahili. Nguo zilizoheshimu ndizo pia zilizobagua. Katika karne ya 19, Unguja ilipokuwa soko kuu la pwani hii, daraja ya mtu ilisomwa mwilini mwake. Muungwana alivaa kanzu nyeupe, kofia au kilemba, na viatu. Mkubwa zaidi aliongeza joho na jambia. Mtumwa mwanamume alijifunga shuka kiunoni, na mbele ya bwana wake hakuwa na ruhusa ya kofia wala viatu. Mtumwa mwanamke alijifunga kaniki, kitambaa cha pamba kilichotiwa rangi nzito ya nili. Nguo nyingine ya watu wa chini ilikuwa merikani, ambayo mpaka leo jina lake linatuambia ilikotoka: viwanda vya Marekani, kwa meli za wafanyabiashara wa Salem, mpaka vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 hadi 1865 vilipoivuruga biashara hiyo.

Huko Lamu kulikuwa na shiraa. Hii ilikuwa nguo pana kama hema, ambayo wanawake wa kiungwana walitembea ndani yake ili wasionekane njiani, nayo ilishikwa na watumwa wa kike. Fikiri juu ya vazi hilo: sitara ya mmoja ilihitaji mikono ya wengine, nao wenye mikono hiyo hawakuwa na sitara. Hata Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa karibu na mwaka 1858 na ambao sote tunauheshimu kwa wosia wake juu ya unadhifu, manukato na mapambo ya mke, una ndani yake onyo kwa binti asichanganyike na watumwa ila kwa shughuli za kazi. Uzuri na mpaka vilifundishwa katika somo moja.

Ndipo ulipofika mwaka 1897, amri ya kukomesha hadhi ya utumwa ilipotolewa Unguja. Katika mwambao wa Kenya jambo hilo lilifuata mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Waliokuwa watumwa hawakupewa mashamba wala nyumba. Walichoweza kukibadilisha upesi, kwa vijisenti vyao wenyewe, kilikuwa nguo. Wanaume walivaa kanzu na kofia. Wanawake waliiacha kaniki wakajifunga kanga, vazi lililokuwa jipya kiasi, lililokua miongo michache tu kabla kutokana na leso. Neno leso tumelirithi kwa Wareno, na Mombasa hadi leo ndilo watumialo. Zilikuwa leso za mraba, zilizouzwa zikiwa zimeungana, wanawake wakazishona pamoja kupata nguo pana. Kisha wafanyabiashara wakaagiza kitambaa kizima chenye pindo na mji wake. Miaka ikiendelea, likaja buibui. Tofauti na shiraa, buibui halikuhitaji mtu wa kulishika. Kila mwanamke aliweza kujisitiri kwa mikono yake miwili.

Basi mwanamke yule aliyekwenda harusini kwa mara ya kwanza amejifunga doti ya kanga, ya pili amejitanda kichwani, hakuwa akifuata mtindo tu. Alikuwa akisema, bila kufungua kinywa, kwamba yeye si mali ya mtu. Mimi huona kwamba hiyo ndiyo sare ya kwanza ya kweli katika miji yetu, kwa maana ile ya pili ya neno: hakuna aliyezidi.

Baadaye kanga ikapata sauti. Karne ya 20 ilipoanza, wafanyabiashara, na wa Mombasa wakitajwa sana, walianza kuchapa maneno chini ya mji, kwanza kwa herufi za Kiarabu na baadaye za Kilatini. Maneno hayo tunayaita jina la kanga. Tangu hapo kuchagua nguo ya harusi kukawa kazi ya ufasaha. Marehemu bibi yangu hakununua kanga kabla ya kuisoma, na alipokuwa macho yake hayaoni vyema alimwambia mjukuu amsomee mara mbili. Alijua kwamba kuvaa kanga yenye methali "Kipya kinyemi ingawa kidonda" katika ndoa ya mke wa pili ni kutupa jiwe gizani, na kwamba atakayelia ndiye lililompata. Alijua pia kwamba kanga ya dua na heri huvaliwa na mtu wa karibu, nayo hutunzwa bi harusi kwa mkono wa kulia. Wapo watunzi waliojifunza kufumba maneno katika vitabu. Wanawake wengi wa pwani walijifunza dukani, mbele ya shubaka la kanga.

Katika sauti zote hizo, kisutu kilinyamaza. Rangi zake ni nyekundu, nyeusi na nyeupe, na visutu vya kale havikuwa na jina. Nadhani ndiyo sababu kilimfaa bi harusi: siku ile hana fumbo la kumtupia mtu. Binti wa tajiri na binti wa mchukuzi walifungwa kisutu kilekile. Na upande wa pili, bwana harusi akavalishwa joho na kilemba, akashika jambia, mavazi ambayo zamani babu yake huenda asingethubutu kuyagusa. Kwa siku moja kila kijana akawa mwinyi. Harusi ilichukua alama za daraja ikazigawa kwa wote, kwa zamu.

Sare ya wageni nayo ina ukoo wake. Vyama vya lelemama vya Mombasa na Lamu, na vingine vya ngoma katika miji ya pwani, viliwavalisha wanachama wao leso za namna moja walipoingia uwanjani. Ndani ya chama, mwenye asili ya utumwa na mwenye asili ya uungwana waliweza kusimama mstari mmoja, na nguo ndiyo iliyokuwa shahidi. Lakini vyama vilishindana, na mashindano yalikula fedha; ulinganifu wa ndani ukawa fahari ya kuwapiku wa nje. Kwa hiyo pande mbili za sare, ule wa kuunganisha na ule wa kutenga, si jambo la leo. Tumerithi zote mbili.

Watetezi wa sare wana hoja, na baadhi yao ni dada zangu. Husema sare humwokoa maskini na aibu ya kulinganishwa na tajiri, na hurahisisha kujua nani wa upande gani. Ni kweli, ikiwa kila mmoja anayo. Ila doti ya kanga ya bibi yangu ilivaliwa harusi ishirini, na kila harusi ilikuwa mpya kwa udi na kunyooshwa vizuri. Sare ya leo huvaliwa jioni moja, na harusi ijayo ina rangi nyingine. Walahenga walituambia kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Naongeza kwamba nguo ya kulazimishwa haisitiri hata aliyeinunua, kwani deni linaonekana.

Ibn Battuta alipofika Kilwa alimkuta Sultani aliyeitwa Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa. Anasimulia kwamba fakiri mmoja alimwomba nguo zilezile alizokuwa amezivaa, naye Sultani akaingia ndani, akabadilisha, akampa. Kati ya Mogadishu na Kilwa adabu ni moja: anayetaka watu wavae vizuri kwenye shughuli yake, na aanze yeye kutoa.

Siku ya saba baada ya harusi tulimpeleka bi harusi kwa yule bibi. Alikwenda amejifunga kisutu alicholetewa, si gauni la ukumbini. Bibi alimtazama kutoka miguuni hadi kichwani, akaurekebisha ushungi wake kidogo, kisha akapiga kigelegele kilichokuwa kimebaki kwake tangu siku ile. Harusi ya mdogo wake bi harusi ni mwakani, na akina mama wamekwisha kubaliana: wenye uwezo watachangia sare za wasio nayo, na mwenye kisutu au kanga ya heri atakaribishwa nayo mbele.

Nafunga kwa ubeti mmoja wangu:

Nguo isimfukuze, ndugu yetu harusini,
Tajiri asijikweze, kwa kitambaa mwilini,
Masikini tumtuze, akae nasi jamvini,
Sare tusiigeuze, kuwa ngome mlangoni.