Uwanja wa Nyumba Wakati wa Maradhi ya Kuenea: Habari za Ugogo

Atakaye kujua jinsi watu wa nyanda za kati za Tanzania walivyokusanyika wakati wa maradhi ya kuenea, asianze na hospitali wala na amri za Serikali, bali aanze na nyumba. Nyumba ya asili ya Mgogo ni tembe, jengo refu lenye kimo kifupi, kuta za miti na udongo, na paa la udongo lililo sawa kama sakafu. Vyumba hupangwa kuuzunguka uwanja, na katika uwanja huo ng'ombe hulala usiku. Milango ni michache, na madirisha karibu hayapo, kwa kuwa tembe ilijengwa kuzuia jua, upepo na adui. Richard Burton aliyeipita nchi hiyo mwaka 1857, na H. M. Stanley aliyeipita mwaka 1871, wote wawili waliziandika habari za nyumba hizo. Walakini wasafiri hutazama kuta zaidi kuliko nafasi iliyo baina ya kuta, na hiyo ndiyo nitakayoisema hapa.

Ndani ya tembe ni mahali pa moto, moshi na usingizi. Mambo yahusuyo watu wengi hufanyika nje: pombe ya mtama hunywewa nje, posa na mahari huzungumzwa nje, ngoma huchezwa nje, na kesi husikilizwa chini ya mbuyu. Mvua za Ugogo ni za msimu mmoja, tangu Desemba au kabla yake kidogo hata Aprili. Miezi iliyosalia ni kiangazi chenye upepo mkali. Basi kukutana nje si shauri la dharura kwa mtu wa huko. Ni desturi, na mwenye kuwaalika watu ndani ya chumba cha tembe angeonekana ana siri ya kuficha.

Desturi hiyo ilijaribiwa vikali mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza. Majeshi ya Jenerali van Deventer, yaliyopigana upande wa Waingereza, yaliingia Dodoma tarehe 29 Julai 1916. Wajerumani kabla yao, na Waingereza baada yao, walichukua ng'ombe, nafaka, na vijana wa kubeba mizigo. Mvua ilipokosekana akiba haikuwapo. Njaa iliyofuata, tangu 1917 hata 1920, Wagogo waliiita Mtunya, yaani kinyang'anyiro. Gregory Maddox, aliyezichungua habari za njaa hiyo kwa makini sana, akadiria kwamba katika watu 150,000 wa nchi hiyo huenda walikufa hata 30,000 kwa njaa na maradhi. (Mathias Mnyampala, mwandishi wa historia na mila za Wagogo, alizaliwa mwaka huo wa 1917, alikuwa mtoto wa Mtunya kabla ya kuwa mwanahistoria wake.)

Katikati ya njaa hiyo, mwishoni mwa 1918, yakaja mafua makuu ya dunia. Yalisafiri kwa meli mpaka pwani, kisha kwa reli na kwa miguu ya wapagazi waliokuwa wakirudi kwao. Reli ya Kati, ipitayo Dodoma, ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914, na njia iliyojengwa kuchukua bidhaa ikachukua na maradhi. Katika Tanganyika nzima walikufa makumi ya maelfu.

Mwaka huo huo, katika mji wa San Francisco huko Marekani, mahakimu walitoa viti vyao nje ya jengo wakahukumu uwanjani, na picha za mahakama hiyo zingali zikionyeshwa kama jambo la ajabu. Mzee wa Ugogo angeitazama picha hiyo asione ajabu yoyote. Sasa, ikiwa kukutana nje ni kinga, mbona Ugogo iliumia hivyo? Jibu langu ni kwamba uwanja haukupewa nafasi ya kufanya kazi yake. Uwanja humlinda mtu aliye kwake, mwenye chakula chake. Mtunya uliwatoa watu majumbani, wakubwa kwa wadogo, wakaenda kutafuta chakula na kazi mahali pengine. Mtu mwenye njaa hulala popote apewapo nafasi, na ubavuni mwa yeyote. Naye mgonjwa wa mafua halazwi uwanjani penye baridi ya usiku, huingizwa ndani, katika chumba kile kisicho na dirisha, pamoja na wale wamwuguzao.

Lakini si kila maradhi huiuliza nyumba swali moja. Kipindupindu kilipoonekana Tanzania mwaka 1974, kikarudi kwa nguvu tangu 1977, upepo haukuwa na msaada wowote, kwa kuwa ugonjwa huo hupita katika maji, chakula na mikono. Uwanja ule ule unaomwokoa mtu na mafua waweza kumwua kwa sinia moja la ugali. Wakati huo watu wengi wa Dodoma walikwisha hamishwa pia: Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 iliwatoa katika makazi yaliyotawanyika, ikawaweka katika vijiji vya ujamaa, nyumba zikafuatana kwa safu. Kwa shule na zahanati lilikuwa jambo la manufaa. Kwa umbali baina ya kaya na kaya lilikuwa jambo jingine.

Nayafikia sasa maradhi ya zama zetu. Tarehe 16 Machi 2020 Serikali ilimtangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, maradhi yaliyopewa baadaye jina la Uviko-19. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alifunga shule na kuzuia mikusanyiko, ijapokuwa makanisa na misikiti haikufungwa. Dodoma, uliokuwa mji wa Bunge, ulipata hofu yake mapema: baina ya tarehe 20 Aprili na 1 Mei walifariki wabunge watatu, wala vifo vyao havikutangazwa kuwa vya Uviko. Mwanzoni mwa Mei hesabu ya taifa ilisimama penye wagonjwa 509 na vifo 21, ikakaa hapo kwa zaidi ya mwaka. Mwezi Juni Rais John Magufuli alisema kwamba nchi imeondokewa na maradhi hayo.

Athari ya kimya hicho kwa mwenye nyumba haijaandikwa vya kutosha. Mahali penye hesabu, mtu aliyefiwa aliweza kusema, "Serikali imekataza." Pasipo hesabu hakuwa na pa kujificha. Ilimpasa yeye mwenyewe, katika uwanja wake, akate shauri ni wageni wangapi wakae, kwa muda gani, na wale vipi. Na msiba hauna kadi za mwaliko. Aliyekuja kukupa pole hukumwita wewe. Ameitwa na ujamaa, na ujirani, na deni la msiba wake uliouhudhuria mwaka jana. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mwaka 2020 maneno hayo yaligeuka yakatazama upande wa pili, na hapakuwa na mtu aliyethubutu kuyasema hivyo mlangoni.

Basi watu walifanya kwa vitendo yale wasiyoweza kuyasema. Ndoo yenye koki na kipande cha sabuni iliwekwa penye lango, na mgeni alinawa kabla ya salamu. Kwa hiyo mkono uliolowa ukawa udhuru wa kutopeana mikono. Chakula kilipakuliwa katika sahani za mtu mmoja mmoja mahali pa sinia. Wazee waliwekwa upande utokako upepo, kwa jina la heshima. Wageni waliondoka mapema kwa sababu ya "kazi." Sioni unafiki katika hayo. Ni adabu iliyofanya kazi ya sheria. Tena ilikuwa na hoja ya kitaalamu nyuma yake: uchunguzi mbalimbali uliokusanywa na wataalamu ulionyesha kwamba chini ya sehemu moja katika kumi ya maambukizo yaliyoandikwa yalitokea nje, kwa kuwa hewa ya wazi huzitawanya pumzi za mgonjwa.

Walakini "nje" ni neno la kuangaliwa. Turubai la kukodi, likishushwa pande tatu kwa ajili ya vumbi la Dodoma, ni chumba. Watu mia waliobanana chini yake wakiimba usiku kucha wako ndani, hata kama nyota zaonekana kwa upande mmoja. Na kujifukiza nyungu chini ya blanketi moja, watu wawili kwa pamoja, ni kuijenga tembe ndogo isiyo na mlango.

Rais Magufuli alifariki tarehe 17 Machi 2021. Tarehe 21 umati uliokwenda kumwaga katika Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, ulisongamana hata watu 45 wakafa, chini ya mbingu wazi. Kesho yake jeneza lilikuwa katika Uwanja wa Jamhuri, Dodoma, mbele ya marais wa nchi jirani na maelfu ya wananchi. Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu mwezi Aprili, hesabu zikaanza kutajwa tena mwishoni mwa Juni, na tarehe 28 Julai yeye mwenyewe alichanjwa hadharani.

Tembe zingali zikionekana huko Chamwino na Bahi, ingawa nyingi zimepokewa na nyumba za matofali na bati. Mjini, tangu ulipochaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, na hasa tangu Serikali ilipohamia kwa wingi baada ya 2016, ardhi hupimwa kwa mita za mraba. Nyumba hujengwa katikati ya kiwanja, ukuta huzungushwa, gari huwekwa pale palipokuwa pa kukaa wageni, na harusi hupelekwa katika kumbi zilizofungwa madirisha kwa ajili ya viyoyozi.