Safu ya Zana

Daftari langu la maandalio ya masomo la mwaka 1979 ninalo mpaka leo. Mchwa wamelila pembeni, lakini mwandiko unasomeka. Somo la kilimo, Darasa la Sita. Penye safu ya zana za kufundishia nimeandika: majembe 45, kamba, vigingi. Penye maoni: somo limeeleweka. Halikuwa limeeleweka, na wa kwanza kutolielewa nilikuwa mimi mwalimu.

Nimezaliwa Kongwa, mahali ambapo kutoielewa ardhi kuliwahi kugharimu fedha nyingi. Mwaka 1947 Waingereza walileta pale mpango wa karanga, na matrekta yao, mengine yakiwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa mashine za kung'olea visiki. Udongo wa Kongwa ni wa mfinyanzi. Ukilowa unateleza, ukikauka unakuwa sakafu. Karanga zikaiva chini ya sakafu hiyo zisiweze kung'oka. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, pauni milioni 36 hivi zikiwa zimeteketea. Baba yangu, aliyekuwa kibarua pale, alikuwa akisema wale watu walipima kila kitu isipokuwa mvua. Sisi wanawe tulicheka. Sikujua kwamba nami ningekuja kufanya vilevile, tena kwa kamba na vigingi tu.

Niliingia chuo cha ualimu mwaka 1977. Chuo chenyewe sikitaji, maana nitakayoyasema yangeweza kusemwa na mwanachuo wa popote. Ulikuwa mwaka wa pilikapilika. Azimio la Musoma la 1974 lilikuwa limetaka kila mtoto wa umri wa shule aandikishwe, na mwisho wa muda wenyewe ulikuwa Novemba ile. Walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza Darasa la Saba walikuwa wakichukuliwa vijijini, wanafundisha huku wanafundishwa, kwa masomo ya posta na redio. Mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote ulijulikana kwa herufi za Kiingereza, UPE, na watu wenye ulimi mkali wakazipa herufi hizo maana nyingine: Ualimu Pasipo Elimu. Sisi wa chuoni tulicheka na hilo pia.

Kitabu chetu kikuu kilikuwa kile kijitabu chembamba cha Mwalimu Nyerere, Elimu ya Kujitegemea, cha Machi 1967. Tulikikariri. Shule iwe pia shamba. Mtoto asifundishwe kuidharau kazi ya mikono. Mahali penyewe muhimu tulipapita haraka: pale anapotaka wanafunzi washiriki katika kupanga kazi za shamba, waweke kumbukumbu, waone matokeo ya walichoamua. Sisi tulifundishwa kupanga wenyewe. Mkufunzi alitutoa nje, akanyoosha kamba kati ya vigingi viwili, akasema tuta lifuate kamba. Tuliporudi darasani tulichora kamba ile ubaoni. Baadaye sana nilisoma kwamba Oktoba hiyohiyo ya 1977 wajumbe wa mataifa walikuwa wamekutana Tbilisi kujadili jinsi ya kufundisha mazingira, wakakubaliana mwanafunzi aanzie kwenye matatizo ya mahali anapoishi. Sisi mahali tulikuwa napo, jembe tulikuwa nalo, na sera tulikuwa nayo. Tulichokosa ni swali.

Na jembe lenyewe lilikuwa na historia yake, ambayo hatukuambiwa. Tume ya Phelps-Stokes ilipita Afrika Mashariki mwaka 1924 ikihimiza elimu ilingane na maisha ya kijijini, na serikali ya kikoloni ikaipenda hoja hiyo. Miaka ya 1950 shule za kati zikapewa mkazo wa kilimo. Wazazi wakakataa: jembe analo nyumbani, wewe mpe kalamu. Waliona wazi kwamba mtoto wa mzungu hapelekwi shule akalime. Uluguru nako, kuanzia mwaka 1949, watu walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi milimani. Udongo wa juu ni mwembamba kule. Ukichimba ngazi unaufukia na kutoa juu ule wa chini usiozaa. Mwaka 1955 Waluguru wakaandamana, mtu mmoja akauawa Matombo, na mpango ukafa. Ngazi ni njia nzuri mahali pengine. Pale hakuna aliyewauliza wenye mlima.

Siyo kwamba wakoloni hawakuwa na somo zuri la nje. Walikuwa nalo Mpwapwa. Miaka ya 1930 watafiti waliugawa mteremko vipande: kimoja kichaka, kimoja nyasi, kimoja mtama, kimoja udongo mtupu, na chini ya kila kipande wakakinga maji yaliyotiririka. Kwenye kichaka karibu mvua yote ilizama ardhini. Penye udongo mtupu, karibu nusu yake ilikimbia, ikichukua udongo. Mtoto wa Darasa la Tatu angeona na kuelewa. Lakini matokeo yalikwenda kwenye ripoti, nami niliyekulia jirani ya Mpwapwa niliyasikia nikiwa na mvi.

Basi mwaka 1979 nikapangwa Mbinga, Ruvuma. Mtu wa Kongwa, aliyezoea tambarare, nikashushwa na lori kwenye milima ambayo mtu akidondosha chungwa analifuata bondeni. Mashamba ya pale yalinishangaza. Ukiyatazama kutoka ng'ambo ni kama sega la nyuki: mashimo, mashimo, mashimo, kila moja limezungushiwa kingo. Nikauliza, nikaambiwa ni ngoro. Nikaandika nyumbani kwamba watu wa huku wanalima ovyo.

Shule ilikuwa na shamba la ekari mbili mteremkoni. Nikatoa majembe 45, nikanyoosha kamba, na watoto wakapiga matuta yaliyonyooka kama rula. Mwalimu mwenzangu mmoja, mwenyeji wa pale, wa UPE, alisimama pembeni akatazama. "Dada mwalimu," akaniambia, "mlima haujanyooka." Nikamjibu kwamba kamba imenyooka.

Mvua ya Desemba ilikuja usiku. Matuta yangu yaliyakusanya maji vizuri kabisa, yakayapeleka yote kwenye kona moja ya chini, yakapasuka. Asubuhi palikuwa na korongo la kina cha goti kutoka katikati ya shamba mpaka uwanja wa mpira, na goli moja lilikuwa limeinama. Shamba la jirani, lililo kwenye mteremko mkali kuliko wetu, lilikuwa na mashimo yaliyojaa maji yaliyotulia, kama mtu aliyetandika mabakuli.

Niliwauliza watoto kama walijua. Wakatazama chini. Kisha binti mmoja akasema, "Tulijua, Mwalimu. Hukutuuliza."

Yule mwenzangu alinipeleka kwa mama yake. Yeye na wanawake wenzake ndio walionifundisha, wakati mvua zinaelekea kwisha, mwezi Machi. Wanaume wanafyeka majani, yanaachwa yakauke kidogo, kisha yanalazwa kwa mistari inayokatana mpaka mteremko mzima unakuwa miraba, kila upande hatua mbili hivi. Wanawake wanaingia na majembe, wanachimba katikati ya kila mraba na kuufukia udongo juu ya majani. Hapo umepata kingo nne na shimo. Maharage yanapandwa kwenye kingo. Yakivunwa, msimu unaofuata ni zamu ya mahindi palepale, na magugu yanatupwa shimoni yaoze. Udongo unaochukuliwa na maji haufiki mbali. Unaanguka kwenye shimo la chini yake. Wazee wanasema babu zao walipokimbilia milimani, karne ya 19, wakati wa vita na Wangoni, walibanana sehemu ndogo, na ilibidi mlima uwalishe bila kuporomoka. Umewalisha tangu hapo.

Mwaka uliofuata nilifanya somo moja ambalo hakuna mkufunzi aliyenifundisha. Tulichimba mifereji miwili midogo, mmoja chini ya kipande cha ngoro, mmoja chini ya kipande nilichokilima kwa kamba, kila mfereji ukaishia kwenye debe lililozikwa. Tukasubiri. Mvua iliponyesha, watoto walitoka wenyewe kukimbilia madebe, wamelowa. Debe la ngoro lilikuwa na maji kidogo, meupe. Lile la kamba lilikuwa limefurika, maji mekundu kama chai ya maziwa. Tuliyaacha yatulie mpaka jioni, tukapima tope kwa rula. Hesabu tukaipata, sayansi tukaipata, na mjadala wa nani alime vipi shambani mwa shule ulichukua wiki nzima. Nilikuwa nimetengeneza Mpwapwa yangu ndogo bila kujua kwamba Mpwapwa ile ilikuwapo.

Baadaye nilisomeshwa zaidi, nikawa mkufunzi. Maneno nayo yamebadilika. Baada ya mkutano wa Rio wa 1992 tukaanza kuletewa semina za elimu ya mazingira. Kisha Umoja wa Mataifa ukatangaza mwongo wa elimu kwa maendeleo endelevu, 2005 hadi 2014, tukaletewa mabango. Kuna mazuri mengi humo. Ila nimeona pia kamba yangu ikirudi kwa jina jipya: wanafunzi wanatolewa nje kupanda miche mia tano kwa siku moja, picha zinapigwa, na Oktoba miche yote imekauka kwa sababu hakuna aliyeuliza maji ya kumwagilia yatatoka wapi. Na bado zipo shule ambako mtoto akichelewa anapelekwa shambani kama adhabu. Huwezi kumpa mtu shamba kama kiboko Jumatatu, halafu Jumanne ukamwambia alipende.

Kwa hiyo wanachuo wangu, kabla ya kwenda mazoezi ya kufundisha, niliwapa sharti moja. Wiki ya kwanza wasimtoe mtoto nje na jembe. Wamtoe na swali, na swali hilo wawe wameliokota kwa mwenyeji wa pale: bibi, mchunga mbuzi, mchimba kisima. Walilalamika kwamba halimo kwenye muhtasari.

Nami nilikuwa na la kuwaonyesha. Katika daftari lile la zamani, mwaka mmoja baada ya ukurasa wa majembe 45, upo ukurasa wa somo la madebe. Penye safu ya zana nimeandika: mvua. Mkaguzi aliyepita shuleni mwezi ule alilizungushia neno hilo duara kwa kalamu nyekundu, akaandika pembeni kwamba mvua si zana, mwalimu hawezi kuiandaa.

Kwamba haiandaliki, alisema kweli. Baba yangu angemwongezea kwamba hupimwa.