Mazoea ya Tiba katika Zahanati za Jipe na Upare

Mazoea ya tiba ni namna mtoa huduma wa ngazi ya kwanza anavyozoea kutambua na kutibu maradhi ya kila siku: swali analoanza nalo, kipimo anachoagiza, dawa anayokimbilia kuiandika, na mgonjwa anayemwona anastahili rufaa. Uingereza mtoa huduma huyo ni daktari wa familia ambaye mkazi amesajiliwa kwake. Upareni, kuanzia Ziwa Jipe hadi Usangi, Same na Gonja, kazi hiyo hufanywa na tabibu na muuguzi wa zahanati, ambao wananchi huwaita wote "daktari". Bingwa wa tiba ya familia bado ni nadra Tanzania. Chuo Kikuu cha Aga Khan kilianza kuwafundisha Dar es Salaam mwaka 2004, na wengi wao hawajafika vijijini.

Uchunguzi wa mazoea hayo haukuanzia Afrika. Mwaka 1938 daktari J. Alison Glover alionyesha kwamba watoto wa shule wa Uingereza walikatwa mafindofindo kwa viwango tofauti kabisa kati ya wilaya na wilaya, na kilichotofautiana hakikuwa ugonjwa bali maoni ya madaktari. Mwaka 2004 John Gabbay na Andrée le May, waliokaa muda mrefu na madaktari wa familia wa huko, waliandika kwamba madaktari hao ni nadra kufungua kitabu cha mwongozo. Wanafuata mwongozo wa kichwani, uliojengwa na uzoefu, maongezi na wenzao, wagonjwa wenyewe na hata wauzaji wa dawa. Kaskazini mwa Tanzania hoja hiyo imechunguzwa kwa kina kuliko sehemu nyingi za bara hili, na ugonjwa uliotumika kuipima ni homa.

Nchi na vituo vyake

Jipe ni ziwa la kina kifupi mpakani mwa Tanzania na Kenya, mashariki ya Milima ya Pare Kaskazini. Hupata maji ya Mto Lumi kutoka Kilimanjaro na kuyatoa kwa Mto Ruvu unaoelekea bwawa la Nyumba ya Mungu, na sehemu kubwa ya kingo zake imemezwa na mafunjo na magugu. Upande wa Tanzania ni Wilaya ya Mwanga, ambayo pamoja na Same zamani ilikuwa wilaya moja ya Pare. Wavuvi, wakulima na wafugaji wa tambarare wanaishi kwenye joto na mbu. Jamaa zao wa Ugweno, Usangi na Kilomeni wanaishi juu penye baridi na migomba. Kilele cha Shengena, Pare Kusini, kinafika mita 2,462.

Ngazi za huduma ni zile za nchi nzima: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa 2007 hadi 2017 ulilenga zahanati kwa kila kijiji na kituo cha afya kwa kila kata. Ila milima ina hesabu yake. Hospitali ya Usangi, iliyotumika kwa miaka mingi kama hospitali ya Wilaya ya Mwanga, iko juu mlimani, hivyo mgonjwa wa Jipe alipewa rufaa ya kupanda. Tabibu aliyejua nauli ya boda boda na mteremko wa barabara ile aliandika rufaa kwa mkono mzito, naye aliishia kutibu pale pale mengi ambayo kitabu kingemtaka ayapeleke mbele.

Sanduku

Kilichowafundisha matabibu wengi wa vijijini kuandika dawa, zaidi ya darasa, ni sanduku. Mpango wa Dawa Muhimu, ulioanza kati ya mwaka 1983 na 1984 kwa msaada wa Denmark, ulipeleka kwa kila zahanati sanduku lililofungwa lenye dawa zile zile, liwe la ufukweni au la mlimani. Ulikuwa ukombozi baada ya miaka ya rafu tupu, na hilo lisisahaulike. Lakini sanduku la aina moja lilitoa klorokwini kwa kijiji chenye malaria mwaka mzima na kwa kijiji ambacho mbu hawezi kukaa kwa baridi, na dawa iliyopo rafuni hutafutiwa ugonjwa. Bohari ya Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993, ndiyo iliyokuja kusimamia ugavi, na baadaye zahanati zikaanza kuagiza zenyewe zinachohitaji. Orodha ya taifa ya dawa muhimu hugawa dawa kwa herufi, A ikiwa ya zahanati, kisha B, C, D na S kwa ngazi za juu. Herufi hiyo ina nguvu kuliko mhadhara wowote: dawa isiyo ya A tabibu wa zahanati haioni, na asiyeiona haizoei.

Homa na malaria

Upare na Taveta ya Kenya ni jina kubwa katika historia ya malaria duniani. Mradi wa Malaria wa Pare na Taveta, ulioendeshwa na taasisi ya utafiti iliyokuwa Amani chini ya Donald Bagster Wilson, ulipulizia nyumba dawa ya dieldrini kati ya 1955 na 1959. Mbu aina ya *Anopheles funestus* alitoweka kabisa majumbani, malaria ikashuka sana, na vifo vya watoto vikapungua. Upuliziaji uliposimama mbu walirudi polepole, lakini vifo havikurudi vilikokuwa. Kupatikana kwa dawa za malaria zahanatini na madukani ni miongoni mwa sababu zilizotajwa. Hivyo tabia ya kumpa klorokwini kila mwenye homa haikuwa ujinga. Iliokoa watoto, na wazee wa kazi waliirithisha kwa vijana wao kwa sababu waliiona ikifanya kazi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 timu ya watafiti ilipima damu katika vijiji 24 vya miinuko mbalimbali. Pare Kaskazini walishuka kutoka Kilomeni kupitia Lambo na Ngulu hadi Kambi ya Simba. Pare Kusini kutoka Bwambo na Mpinji hadi Goha na Kadando. Matokeo yalifuata mwinuko: kadiri unavyopanda ndivyo vimelea vinavyopungua. Hata malaria kali ina sura mbili. Palipo na maambukizi mengi humjia mtoto mdogo kwa upungufu wa damu. Palipo na maambukizi machache humjia hata mtoto mkubwa, kwa kupoteza fahamu. Kwa mantiki hiyo tabibu wa Kilomeni na mwenzake wa ufukweni wangepaswa kuandika dawa tofauti. Hawakufanya hivyo. Mafunzo yalikuwa mamoja, sanduku moja, na wakihamishwa kituo huhama na kalamu zao.

Mwaka 2004 Hugh Reyburn na wenzake walichapisha matokeo kutoka hospitali 10 za mikoa ya Kilimanjaro na Tanga. Kati ya wagonjwa 4,474 waliolazwa na dalili kali huku wakitibiwa malaria, ni asilimia 46 tu waliokuwa na vimelea kwenye damu. Wengi wa waliobaki hawakupewa antibayotiki ingawa dalili zao ziliihitaji. Ndipo ikadhaniwa kwamba shida ni hadubini mbovu na kwamba kipimo cha haraka kingeimaliza. Jaribio lililochapishwa mwaka 2007, la wagonjwa 2,416 katika hospitali tatu za serikali, lilivunja matumaini hayo: zaidi ya nusu ya waliopimwa wakaonekana hawana malaria waliandikiwa dawa ya malaria hivyo hivyo, iwe kwa hadubini au kwa kipimo kipya.

Mtafiti Clare Chandler aliwauliza matabibu sababu. Walisema kwamba kukosea kwa kutoona malaria hakuna msamaha, ilhali kukosea ugonjwa mwingine husameheka. Malaria ni jina ambalo mgonjwa analikubali bila maswali, mkubwa wa kazi analitegemea, na kijana aliyetoka chuoni hujifunza haraka kwamba kupingana nalo ni kujitia ujuaji. Hapa niseme wazi kwamba lawama za "matabibu hawafuati mwongozo" zimekosa shabaha. Mwongozo wenyewe ulibadilika mara mbili ndani ya miaka sita: klorokwini iliondolewa mwaka 2001 ikaja SP (sulfadoksini na pirimethamini), na mwishoni mwa 2006 ikaja dawa mseto. Tena SP, tofauti na klorokwini, haikushusha joto upesi, kwa hiyo mama aliyerudi na mtoto bado ana homa aliona amedanganywa, na tabibu ndiye aliyemkabili.

Shirika la Afya Duniani lilipotaka mwaka 2010 kila mgonjwa apimwe kabla ya dawa, kipimo cha haraka, MRDT, kilisambazwa hadi zahanati. Hutobolewa kidole, tone la damu huwekwa kwenye kitundu, kimiminika hufuata, na majibu husomwa baada ya dakika 15 hadi 20. Mstari kwenye C huonyesha tu kwamba kipimo kimefanya kazi. Ni mstari wa pili unaosema malaria. Dakika hizo ni nyingi kwa tabibu aliye peke yake na benchi limejaa. Kuna mtego mwingine: kipimo hiki husoma protini ya kimelea inayobaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya kupona. Mgonjwa anayerudi baada ya wiki mbili na mafua yake huonekana bado ana malaria, hupewa mseto tena, na kijijini husemwa ana malaria sugu.

Kilichobadilisha kalamu ya tabibu ni wenzake wa kazi. Katika jaribio la vituo 36 vya mikoa ya Kilimanjaro na Tanga, lililochapishwa mwaka 2015, watumishi waliojifunza kwa vikundi vidogo, wakapewa mrejesho na kukumbushwa kwa ujumbe wa simu, waliandika dawa za malaria zisizostahili mara chache kuliko waliopata mafunzo ya kawaida. Wakati huo malaria yenyewe ilikuwa inaondoka: katika utafiti wa taifa wa 2017 Kilimanjaro ilikuwa chini ya asilimia 1 kwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Baada ya malaria: kikohozi, yutiai na taifodi

Mgonjwa hakubali kuondoka dirisha la dawa mikono mitupu, na tabibu hapendi kumwona akiondoka hivyo. Uchambuzi wa tafiti kutoka nchi kadhaa, uliochapishwa mwaka 2017, ulikuta asilimia 69 ya walioonekana hawana malaria walipewa antibayotiki, dhidi ya asilimia 40 ya waliokuwa nayo. Majina ya maradhi nayo yalihama. Homa iliyoitwa malaria sasa huitwa yutiai (maambukizi ya njia ya mkojo) au taifodi, ya pili mara nyingi kwa kipimo cha Widal ambacho kinaweza kuitika kwa mtu aliyeugua zamani au aliyeugua kitu kingine.

Kwa mtoto anayekohoa mwongozo hautaki mashine yoyote. Unataka mtoto atulie, nguo ipandishwe, na pumzi zihesabiwe kwa dakika nzima: 50 au zaidi kwa aliye na miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa mwaka 1 hadi 5. Chini ya hapo, bila kifua kubonyea, ni mafua, na amoksilini haina kazi. Mtoto analia, saa ya ukutani imesimama, na kuandika amoksilini kunachukua sekunde chache.

Hapo programu za simu na kompyuta ndogo zimefanya vizuri kuliko makaratasi, kwa sababu hazimruhusu tabibu kuruka hatua. Katika jaribio la vituo 40 vya Mbeya na Morogoro lililochapishwa mwaka 2023, watoto waliopewa antibayotiki walikuwa asilimia 23 palipotumika programu na asilimia 70 pasipotumika, na wa kundi la kwanza hawakupona kwa taabu zaidi.

Presha

Zahanati iliundwa kwa maradhi ya kuja mara moja. Mwenye presha anahitaji kuja miaka yote, hata asipoumwa na chochote. Vijiji vya milimani vina wazee wengi ambao watoto wao wako Moshi na Dar es Salaam, na vidonge vyao mara nyingi hununuliwa duka la dawa la mjini vikatumwa kwa basi. Tabibu wa zahanati humpima mzee huyo bila kujua anameza nini. Kichwa kikipoa, vidonge huachwa.

Homa zitokazo kwa wanyama

Mwaka 2007 na 2008 John Crump na wenzake walichunguza wagonjwa 870 wa homa waliolazwa Moshi, katika hospitali za KCMC na Mawenzi. Malaria iliandikwa kwa asilimia 60.7 yao, ilikuwa chanzo cha kweli kwa asilimia 1.6. Waliopatikana na homa ya mgunda (leptospirosi), homa ya Q, brusela na homa za kupe walikuwa wengi, nao karibu hawakufikiriwa. Homa ya mgunda ilijulikana kwa jina hilo nchini kote baada ya mlipuko wa Lindi mwaka 2022.

Tambarare za Jipe na Ruvu, zenye ng'ombe, mbuzi, panya wa mashambani na maziwa yanayonywewa bila kuchemshwa, zina kila kinachohitajika kwa homa hizo. Nyingi hutibika kwa doksi (doksisaiklini), ambayo ni rahisi. Brusela ni tofauti: huhitaji wiki sita za doksi pamoja na dawa ya pili. Mfugaji anayeambiwa ana yutiai na kupewa doksi ya siku saba hupata nafuu, kisha homa na maumivu ya viungo hurudi, naye akifika tena zahanati huandikwa kwenye kitabu cha MTUHA, yaani cha takwimu za kituo, cha wagonjwa wa nje katika mstari mpya, usiounganishwa na ule wa mwezi uliopita.