Ramani za Bure Kwenye Pampu ya Mafuta

Mmarekani aliyetoka mjini kwake na gari mwaka 1905 hakuwa na ramani ya kumfaa. Zilizokuwepo nyingi zilichorwa kwa ajili ya abiria wa treni: reli zimekolezwa wino, stesheni zimetajwa moja moja, na barabara za udongo zimeachwa kana kwamba haziendi kokote. Barabara zenyewe hazikuwa na namba, na vibao vilikuwa vya kubahatisha. Aliyepotea aliwauliza wakulima.

Kulikuwa na kitabu kiitwacho Official Automobile Blue Book, kilichoanza kutoka mwaka 1901, lakini hicho kilitegemea zaidi maneno. Kilimwambia dereva ahesabu maili, kisha akifika penye kanisa au ghala fulani ashike kushoto. Ghala likiungua, maelekezo nayo yameungua. Rand McNally ya Chicago, kampuni ya uchapaji iliyoanzishwa mwaka 1856 na kukulia kwenye tiketi za reli, ikajaribu vitabu vya picha kuanzia mwaka 1907. Njia panda zilipigwa picha na kuchorewa mshale. Ubunifu mzuri, ila mzito: safari fupi tu ilidai rundo la picha.

Mchoraji wa kampuni hiyo, John Brink, ndiye aliyeona kwamba kasoro haikuwa kwenye karatasi bali njiani. Akapendekeza barabara zipewe alama, na alama hizo zipakwe rangi kwenye nguzo za simu, ili anachokisoma dereva kilingane na anachokiona. Ramani ya kwanza ya aina hiyo, ya eneo la Peoria, Illinois, ilitoka mwaka 1917. Mwaka uliofuata jimbo la Wisconsin likawa la kwanza kuzipa namba barabara zake, na Novemba 1926 nchi nzima ikapata mfumo mmoja wa namba. Katikati ya hayo, mwaka 1924, Rand McNally ilitoa Auto Chum, kitabu kilichozaa atlasi yake ya barabara inayochapishwa hadi leo.

Hata hivyo, kwa miaka mingi wengi hawakuona sababu ya kununua atlasi, maana ramani zilipatikana bure. Kampuni ya mafuta ya Gulf ilifungua kituo chake cha kisasa mjini Pittsburgh mwaka 1913, na haikuchukua muda ikaanza kugawa ramani. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: anayejua pa kwenda atakwenda, na anayekwenda atachoma petroli. Wapinzani wakaiga. Dereva akichagua pampu amechagua na mchora ramani wake, kwani nyuma ya majina ya kampuni za mafuta walikuwepo wachoraji wakubwa watatu tu: Rand McNally, H.M. Gousha na General Drafting, ambayo kampuni ya mafuta ya Esso ilikuwa mteja wake mkubwa.

Watatu hao walichungana. Katika miaka ya 1930 Otto Lindberg wa General Drafting na msaidizi wake, Ernest Alpers, walichanganya herufi za mwanzo za majina yao wakapata Agloe, wakauweka mji huo wa kubuni kwenye makutano ya njia za vumbi huko Catskill, jimbo la New York. Ulikuwa mtego wa kunasa wezi. Baadaye Agloe ikajitokeza kwenye ramani ya Rand McNally, na General Drafting wakadhani wamemkamata mtu. Kumbe hapo mahali palishajengwa duka, na mwenye duka, baada ya kuliona jina kwenye ramani ya Esso, alilibandika mlangoni. Mji wa uongo ukawa na ushahidi wa kweli!

Ramani hizo zilipendeza, lakini hazikueleza jambo moja ambalo kwa Wamarekani weusi lilikuwa kubwa kuliko umbali: ni wapi watauziwa chakula na kulazwa, na ni miji ipi ya kuikimbia kabla jua halijazama. Pengo hilo alilijaza Victor Hugo Green, mpeleka barua aliyeishi Harlem, kwa kitabu chake Green Book cha mwaka 1936. Kiliorodhesha hoteli, nyumba za watu binafsi, migahawa, vinyozi na gereji. Baadhi ya vituo vya Esso vilikiuza. Toleo la mwisho lilikuwa la 1966-67, baada ya sheria ya haki za kiraia ya 1964. Kwa manufaa, hakuna ramani ya bure iliyokikaribia.

Msukosuko wa mafuta wa 1973 ulimaliza ukarimu wa vituoni. Petroli ilipokuwa adimu, hakuna aliyehitaji kuwabembeleza madereva waendeshe zaidi. Kisha vikaja vifaa vya setilaiti na simu.

Atlasi haijafa, hasa kwenye malori, ambako leo kuna madereva wengi waliotoka Afrika Mashariki na Kongo. Madereva wa malori wana toleo lao, Motor Carriers' Road Atlas, linaloonyesha madaraja ya chini na njia zenye kikomo cha uzito. Anayetaka kununua yoyote aanze na mwaka wa uchapaji, kisha aone kama ramani za miji zina ukubwa wa kusomeka usiku kwa taa ya ndani ya gari.