Jisevie

Ilikuwa mkutano wa tatu wa kamati ya harusi, tumefika kwa vinywaji. Binamu yangu hakutaka wahudumu wa kuzunguka na trei. Alitaka meza moja ndefu kando ya hema, ndoo za barafu, mvinyo wa mapovu, jagi za juisi ya pasheni na embe, na kibao kimoja tu: JISEVIE. Kwa kuwa Jumamosi zangu huwa wazi, mimi ndiye niliyepewa hiyo meza.

Anko akaweka kikombe chake cha chai chini. "Watu wetu? Uwape chupa wajimiminie? Itaisha kabla keki ikatwe."

Watu walicheka. Mimi nilibaki na hayo maneno mawili: watu wetu. Hii nchi imeshawahi kuyaandika kwenye sheria.

Kenya Breweries ilianzishwa mwaka wa 1922, na bia yake ya kwanza ikapelekwa hoteli ya Stanley hapa Nairobi. Mwafrika angeweza kuingia humo akiwa amebeba trei. Kuinunua hiyo bia na kuinywa kilikuwa kitu kingine, kwa sababu sheria ya mkoloni ilimkataza vileo vya Wazungu. Ilibidi Vita Kuu ya Pili viishe ndipo bia ya chupa ikaruhusiwa kwake, na pombe kali zikangoja zaidi. Hoja ilikuwa ile ile ya Anko: hawa hawawezi kujipimia.

Pombe ya kienyeji nayo haikuachwa. Baraza la mji wa Nairobi liliiga mfumo wa Durban, Afrika Kusini. Wanawake wakakatazwa kupika pombe mjini, mji wenyewe ukaipika na kuiuza katika ukumbi wake Pumwani, na faida ikaingia kwenye hazina ya kuendesha mitaa ya Waafrika. Yaani ulevi wako ulikuwa tatizo mpaka pale mauzo yalipokuwa yao.

Shosho, ambaye ameokoka na hagusi kileo, bado anakumbuka askari wakimwaga muratina ya mamake uani. Anasema kuku walilewa. Huwa anacheka hapo, halafu anakumbuka faini na kunyamaza.

Na kabla ya askari, nani alikuwa anamimina? Inategemea unaoa wapi. Kwetu Ukikuyuni, muratina ilitengenezwa kwa asali au maji ya miwa, na kuchachushwa kwa tunda la mti wa muratina. Kwenye ruracio haikuwa kiburudisho. Binti aliulizwa mbele ya wazee kama pombe iliyoletwa inyweke. Akikubali, ndoa imesonga. Akikataa, wageni wana safari ndefu ya kurudi. Mkono wake ndio uliokuwa sahihi.

Bwana harusi wetu ni wa Bungoma, na huko meza ya kujisevia ni ya zamani sana. Chungu cha busaa hukaa katikati, wazee wanakizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu. Hakuna mhudumu. Unavuta, unatosheka, unaacha. Lakini pia kila mtu anakuona umevuta mara ngapi. Wala si sisi pekee: huko Uri, Iraki ya leo, kaburi la Puabi lilikutwa na mirija ya kunywea yenye dhahabu na fedha, ya kama miaka 4,500 iliyopita.

Hata hayo mapovu tunayoyaona ya kifahari yalianza kama shida. Dom Pérignon hakuyavumbua. Mwaka wa 1662, kabla hajaanza kazi yake Hautvillers, Mwingereza Christopher Merret alikuwa ameshaeleza mjini London jinsi sukari inavyotia mvinyo mapovu. Shampeni ndani ya chupa ina presha ya angahewa sita hivi, karibu mara tatu ya tairi la gari, na chupa za zamani zilikuwa zikilipuka ghalani. Ndiyo maana hadi leo unashika kizibo kwa nguvu, unazungusha chupa, na unaelekeza mdomo wake mbali na watu.

Siku ya mkutano sikusema haya yote. Nilitoa hesabu tu. Chupa moja hutoa glasi sita. Wanaokunywa ni kama 120, glasi mbili kila mmoja, kwa hivyo chupa 40. Juisi ya zabibu ya mapovu, isiyo na kileo, kwenye meza yake mbali na hiyo. Ndoo ziwe na barafu pamoja na maji, kwa sababu barafu peke yake hupoza polepole.

Anko alinifuata nje. "Kijana wangu, sikukatai," alisema. Akaniambia jambo ambalo kwetu halisemwi mezani. Mdogo wake alikunywa kitu cha magendo mwaka wa 2000, akaamka haoni. Mwaka huo huo, mwezi wa Novemba, zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa pombe yenye methanoli. Chang'aa ilikuwa imepigwa marufuku tangu 1980. Sheria hiyo haikuwa ya mkoloni, ilikuwa yetu. Iliisukuma chang'aa gizani, mahali ambapo hakuna anayekuona unavuta nini. Iliruhusiwa tena kwa sheria ya 2010.

Kwa hivyo "watu wetu" ya Anko haikuwa ya yule Mzungu. Ilikuwa ya mtu aliyezika ndugu.

Siku ya harusi nilimwekea kiti cha plastiki kando ya meza. Sikumwambia ni cha nini. Alikaa hapo na soda yake mchana wote, akisalimia kila aliyekuja kujimiminia, akiuliza, "Umekuja na gari?" Watu walijimiminia kwa adabu, kama wako mbele ya chungu.

Saa kumi, babu ya bwana harusi alikuja na mkongojo. Akaangalia glasi, akaangalia mapovu, akauliza, "Mrija uko wapi?" Nilikimbia kuutoa kwenye meza ya watoto. Anko akamvutia kiti, wakakaa.

Jioni nikihesabu, Anko alikuwa ameshahesabu.

"Zimebaki saba," alisema. Akahesabu tena.