Matone ya Homoni ya Kulinda Retina, na Hukumu ya Matone ya Macho kwa Aliyefunga



Retina ni utando mwembamba ulioko nyuma ya jicho, unaopokea mwanga. Kisukari huudhuru taratibu bila maumivu, na mgonjwa huweza kuona vizuri huku madhara yameshaanza. Si mishipa ya damu tu inayoharibika. Kwa baadhi ya wagonjwa seli za fahamu za retina hudhoofika mapema zaidi.

Retina yenyewe hutengeneza homoni iitwayo somatostatini, inayozilinda seli hizo, na kwa mwenye kisukari hupungua. Watafiti wakajaribu kuirudisha kwa matone. Ugumu uko kwenye njia: sehemu kubwa ya tone huchuruzika na machozi kwenye mfereji mdogo ulioko pembeni mwa jicho, upande wa pua, hadi kooni. Kinachoingia jichoni ni kidogo mno, ndiyo maana dawa nyingi za retina hupigwa kwa sindano ndani ya jicho.

Jaribio kubwa, EUROCONDOR, lilifanyika Ulaya kwa wagonjwa 449 wa kisukari aina ya pili, kwa wiki 96. Matokeo yake hayakuwa ya kushangiliwa sana. Kwa ambao seli zao za fahamu zilikuwa bado nzima, matone hayakuonesha faida; kwa waliokwishaanza kudhoofika, yalizuia hali isizidi kuwa mbaya. Hayarudishi uoni uliopotea. Basi anayeuziwa mtandaoni matone ya "kutibu retina" ajihadhari, na asiache leza wala sindano alizoandikiwa na daktari.

Ama asili yake, somatostatini iligunduliwa mwaka 1973 katika ubongo wa kondoo, lakini ya dawa hutengenezwa maabara. Hapana shaka ya nguruwe hapa.

Kuhusu Swawm, katika madhehebu ya Imaam Ash-Shaafi'iy, wanayoyafuata watu wengi wa visiwani, jicho si tundu lililo wazi la kufika ndani ya mwili. Wanja na matone havibatilishi Swawm, hata mtu akihisi ladha kooni. Maalik na Ahmad wameona kuwa kikifika kooni kinafunguza. Baraza la Fiqhi la Kiislamu, katika kikao cha Jeddah mwaka 1997, liliamua kuwa matone ya macho hayafunguzi, madamu mtu anajiepusha kumeza kilichofika kooni.

Anayetaka kutoka kwenye khitilafu afumbe jicho na abonyeze pembe ya upande wa pua kwa dakika mbili. Dawa nayo hubaki jichoni zaidi. Lakini mwenye presha ya macho asiache matone yake Ramadhwaan nzima kwa hofu ya kufungua, kwani uoni ukipotea kwa ugonjwa huo haurudi.

Mwenye kisukari apimwe macho kila mwaka, hata kama anaona vizuri.

Wa-Allaahu A'lam.