Mlinzi wa Lango: Kanisa na Askari katika Bonde la Kilombero

Kitabu cha kumbukumbu ya miaka mia moja huhesabu wabatizwa, wachungaji, majengo na kengele. Liko kundi moja ambalo ni nadra kutajwa katika hesabu hiyo, nalo ni la askari polisi, askari magereza na askari wa wanyamapori, pamoja na wake, waume na watoto wao. Sababu yake inaeleweka. Askari huja kwa barua ya uhamisho na huondoka kwa barua nyingine. Mara nyingi jina lake huingia katika daftari la usharika na kufutwa kabla wazee wa kanisa hawajamzoea. Hata hivyo, historia ya Kanisa bondeni haikamiliki bila yeye.

Askari mgeni

Watu wa bonde walimjua askari kwanza kama mgeni mwenye bunduki. Jeshi la Wajerumani, lililoanzishwa na Wissmann mwaka 1889, liliandikisha watu kutoka Sudani na Msumbiji kabla ya kuandikisha wenyeji wengi. Tarehe 30 Agosti 1905 wapiganaji wa Maji Maji walilishambulia boma la Mahenge, wakakatwa kwa bunduki za rashasha. Vita vilipoendelea, vyakula na mashamba viliteketezwa katika nchi za kusini, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi.

Wamisionari wa Berlin, waliofika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891, walisogea hadi Ubena, na kutoka nyanda zile imani ya Kilutheri ikashuka bondeni. Walioipokea walikuwa watu wenye kumbukumbu ya boma na njaa. Kwao, kumwita askari ndugu halikuwa jambo jepesi.

Vita Kuu ya Kwanza ilirudisha bunduki bondeni. Mahenge ilikuwa ngome ya Wajerumani hadi majeshi ya Wabelgiji yalipoiteka Oktoba 1917. Wamisionari Wajerumani walikamatwa na kuondolewa, na kazi ya Injili ikabaki mikononi mwa walimu na waumini wenyeji. Chini ya Waingereza, Jeshi la Polisi la Tanganyika liliundwa rasmi tarehe 25 Agosti 1919, makao yake makuu yakiwa Lushoto. Magereza yalitengwa na Polisi na kuwa idara kamili tarehe 1 Aprili 1931. Tangu hapo askari hakuwa tena mtu wa vita tu. Alikuwa mtumishi wa umma mwenye mshahara, nyumba ya kambini na watoto wa kusomesha.

Ndani ya lango

Wilaya ya Kilombero ina magereza ya Kiberege na Idete, ambako wafungwa hulima. Tangu zamani Kanisa limejua wajibu wake kwa mfungwa, kwa maana Bwana mwenyewe, katika Injili ya Mathayo sura ya 25, alijihesabu pamoja na waliofungwa. Mwinjilisti huenda gerezani, huhubiri na kuwaombea walio kifungoni. Lakini mara nyingi humpita aliyemfungulia lango kwa salamu tu. Mfungwa hutumikia kifungo chake na kurudi nyumbani, ilhali askari aweza kumaliza miaka mingi ya ujana wake nyuma ya uzio ule ule.

Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 16, hakikumpita mtu huyo. Mlinzi wa gereza la Filipi, akidhani wafungwa wametoroka, alichomoa upanga ili ajiue. Aliyemzuia ni Paulo, mfungwa wake. Usiku huo huo mlinzi aliwaosha majeraha waliopigwa, akabatizwa yeye na watu wa nyumbani mwake. Ndani ya habari hiyo fupi mna mambo yote ya huduma hii: mtu wa sheria aliyefikia kukata tamaa, mtumishi wa Mungu aliyemwona kwa wakati, na familia nzima iliyoingizwa katika neema.

Walutheri wana urithi wa pekee katika jambo hili. Mwaka 1526 Martin Luther aliandika kitabu kizima kujibu swali la Assa von Kram, askari ambaye dhamiri yake ilimsumbua: je, mtu wa kazi ya silaha aweza kuokolewa? Luther alitenganisha kazi na mtu anayeifanya. Kazi ya kulinda amani yaweza kuwa njema, lakini anayeifanya kwa uonevu hujiletea hukumu, na amri ya mkubwa haimwondolei mtu dhamiri yake. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 16, lilithibitisha kwamba Mkristo aweza kushika kazi za dola bila dhambi. Kwa hiyo Mlutheri aliyevaa sare hana sababu ya kujiona mgeni mbele ya madhabahu.

Miaka migumu

Kazi hiyo ilizidi kuwa nzito kadiri bonde lilivyobadilika. Reli ya TAZARA, iliyokamilika katika miaka ya 1970, ilifungua njia ya wakulima na biashara. Katika mapori ya Selous na Mikumi, tembo waliokadiriwa kuwa 109,000 mwaka 1976 walibaki takriban 13,000 katika hesabu ya mwaka 2013, na askari wa wanyamapori walikabiliana na majangili wenye silaha. Mwishoni mwa mwaka 2012 serikali iliendesha operesheni ya kuondoa mifugo bondeni, katika ardhi oevu iliyoingizwa kwenye orodha ya kimataifa ya Ramsar mwaka 2002. Wapo waliopoteza ng'ombe na makazi, na wapo waliotumwa kuwaondoa. Katika sharika za bonde, watu wa pande hizo mbili waweza kukutana katika benchi moja na kukinywea kikombe kimoja.

Maji ya Kilombero hukutana na Luwegu na kuwa Mto Rufiji. Huko chini, katika eneo la Kibiti, tarehe 13 Aprili 2017 polisi wanane waliuawa kwa kuviziwa walipokuwa wakitoka kazini. Taifa liliwalilia kwa siku chache. Mjane wa askari huomboleza kwa muda mrefu zaidi, na msiba wake una uzito wa pekee. Mwili husafirishwa hadi kwao marehemu, na risasi za heshima hupigwa. Kisha familia hutakiwa kuiacha nyumba ya kambini, kwa kuwa nyumba ile ilikuwa ya kazi, na kazi imekoma. Watoto hupoteza baba, shule na majirani kwa pamoja.

Huduma yenyewe

Nchini Kenya, Jeshi la Polisi lina wachungaji na viongozi wa dini waliomo ndani ya utumishi. Hao huyajua maisha ya kambini, lakini nao wako chini ya amri. Mchungaji wa usharika hana cheo cha kijeshi, na huo waweza kuwa ndio msaada wake mkubwa. Askari anayeogopa kuonekana dhaifu mbele ya mkuu wake aweza kusema mbele ya mchungaji kwamba halali usiku, kwamba ameanza kunywa kupita kiasi, au kwamba silaha aliyokabidhiwa imeanza kumtia mawazo mabaya. Hawezi kusema hayo ikiwa siri ya toba haitunzwi. Lakini maisha yakiwa hatarini, mchungaji hamwachi mtu huyo peke yake. Huketi naye, na kumsihi akabidhi silaha na kwenda naye hospitali.

Huduma hii haipaswi kuwa kifuniko cha uovu. Yohana Mbatizaji, katika Luka sura ya 3, hakuwafukuza askari waliomwendea, wala hakuwabembeleza: aliwakataza kudhulumu na kusingizia watu, akawataka watosheke na mshahara wao. Askari aliyemwonea raia anahitaji mtu wa kumwongoza kwenye ukweli na malipizo. Raia aliyeonewa naye anahitaji mchungaji yule yule, asiyependelea sare.

Kazi nyingine si ya mchungaji peke yake. Umoja wa Wanawake waweza kumtembelea mke wa askari aliyehamia juzi, asiye na ndugu Ifakara. Wazee wa kanisa waweza kuuliza ni nani aliye zamu siku ya Bwana, wakampelekea Meza ya Bwana siku nyingine. Dayosisi zaweza kuandikiana askari anapohamishwa, ili usharika mpya umpokee kabla hajapotea. Na mjane anapofungasha vyombo vyake, usharika waweza kumsindikiza hadi kwao, na kuuliza habari za watoto wake mwaka unaofuata.

Hayo yote hayahitaji jengo jipya wala mfadhili wa ng'ambo. Yanahitaji mwinjilisti atokaye gerezani asimame langoni, amwulize mlinzi jina lake, na habari za watu wa nyumbani mwake.